Mpiga Pasi Aliyekosea Msiba

Saa nne asubuhi, barabara ya kumi na tatu, Ngamiani, mjini Tanga. Jua limeshavuka kizingiti cha duka la dobi la Bi Sabiha, na nje baiskeli zinapita zikipigiana kengele. Praxeda Mihambo anafungua pasi ya mkaa, anapuliza majivu, anaifunga, halafu anatandaza mezani suruali ya kahawia ya mtu ambaye hajapata kumwona.

"Huyu," anasema bila kuinua macho, "akikaa anaweka mguu wa kulia juu ya wa kushoto. Tazama palivyolika hapa. Funguo anatia mfuko wa nyuma, zinamchoma, kwa hiyo anakaa upande. Na sigara hajaacha, ila nyumbani kawaambia kaacha."

Sigara kaijuaje? Anaonyesha kitobo kidogo karibu na goti, kimeshonwa kwa uzi usiofanana na kitambaa, mishono mikubwa mikubwa. "Mke angeshona vizuri zaidi. Hiki kakishona mwenyewe, kwa kujificha."

Mwandishi wa makala haya alicheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka asipoamini. Dakika ishirini baadaye mwenye suruali akaingia. Akakaa kwenye benchi, mguu wa kulia ukapanda juu ya wa kushoto, na mwili wote ukalalia upande kama mtu aliyekalia kokoto. Bi Sabiha, mwenye duka, akakimbilia nyuma akajizibia mdomo kwa kanga. Praxeda akamkabidhi mteja suruali yake kwa heshima zote, "karibu tena kaka," na kaka akaenda zake.

"Hebu muige basi!" Bi Sabiha akamwambia alipotoka mafichoni. "Mara moja tu, mgeni aone."

Praxeda akatikisa kichwa, akachukua shati lingine.

"Zamani," Bi Sabiha alimnong'oneza mwandishi, ingawa duka lenyewe ni dogo na kila neno linasikika, "zamani angeshasimama hapo katikati, ungemwona yule bwana mzima mzima, na sigara yake. Sasa ana miezi kumi na moja haigi hata paka."

Hapo ndipo penye habari. Maana Praxeda Mihambo, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, mama wa watoto wawili wakubwa, mkazi wa Makorora, kwa siku tano za wiki ni mpiga pasi, lakini kazi iliyomjulisha kwa watu ni ya kuchekesha. Yeye ni mmoja wa watu sita wa Kikundi cha Kawa, na wenzake wanasema ndiye mkali kuliko wote. Kwa pasi anapata shilingi elfu saba, elfu nane kwa siku. Kwa kuchekesha, siku ya kazi, elfu ishirini mpaka thelathini, ikibaki baada ya nauli na chai.

Kikundi hiki hakina maandishi ya mchezo. Hakuna anayekariri kitu. Watazamaji wanapewa vikaratasi, kila mtu anaandika neno moja analotaka, vinatiwa katika kawa iliyopinduliwa, ile ile ya ukindu ya kufunikia chakula. Mmoja anachota vikaratasi viwili, anavisoma kwa sauti, na hapo hapo mchezo unaanza.

"Siku ya kwanza tulikosa boksi," anaeleza Hasina, mwalimu wa chekechea aliye mwanakikundi tangu mwanzo, mwaka 2012. "Tulialikwa harusini, wali umeshaletwa, mama yangu akasema basi chukueni kawa. Wali ukaingia nzi, lakini jina tukapata."

Mfano? Hasina anaukumbuka mmoja, wa harusini, ambao watu wa Chumbageni bado wanausimulia. Vikaratasi vilitoka "bata" na "kiinua mgongo." Mwenzao Uweso akainua mabega, akapanua miguu, akawa bata mstaafu anayefuatilia malipo yake ofisini. Praxeda akawa karani. Karani akadai cheti cha kuzaliwa. Bata akapapasa mfukoni kwa heshima, akatoa ganda la yai. Karani akaligeuza huku na huku, akasema: "Halina mhuri." Harusi nzima ikalala chini.

Sheria yao ni moja tu, nayo wanaiita Pokea. Mwenzio akisema wewe ni bata, wewe ni bata. Akisema nyumba inaungua, unatafuta ndoo. Neno "hapana" ni marufuku mchezoni. Atakayelitamka adhabu yake ni kuwanunulia wote mihogo ya kukaanga na chachandu ya pilipili, na lazima ainunue na kuibeba kwa mkono wake mwenyewe, siku ya mazoezi, Jumanne saa kumi jioni, uwanjani kwa chekechea ya Hasina, ambako wasanii wote wanakalia vile viti vya watoto, magoti yakiwa masikioni.

Nasri, dereva wa bodaboda mwenye maneno mengi, amekula adhabu mara tisa. Praxeda, tangu kikundi kianze, hajawahi hata mara moja.

Sasa huyo Uweso. Uweso Singano ana miaka sitini na mitatu, Mbondei wa Muheza kwa asili, Mwislamu, amepima mizigo bandarini kwa miaka thelathini na mmoja hadi alipostaafu. Kazi iliisha, mkono haukuacha. Kila kitu anakiinua na kukitajia uzito: mkate, kuku, mtoto wa jirani. "Kilo mbili na robo," anasema, na anataka usadiki. Aliyewahi kwenda dukani kuhakikisha anakiri kwamba mara nyingi huwa kweli, na ndivyo Uweso anavyozidi kuudhi.

Praxeda ni Mnyamwezi. Babu yake alikuja kutoka Tabora kukata mkonge, na baba yake, Laurenti, alizaliwa humo humo shambani, na yeye vile vile. Ni Mkatoliki, anaimba sauti ya tatu kwaya ya Jumapili. Na Uweso ni mtani wake.

Kwa msomaji ambaye hakukulia katika mambo haya: Wanyamwezi na Wabondei wana utani wa tangu enzi za mababu, na mtani si mtu wa kuchekeana naye harusini tu. Mtani ana kazi msibani. Anakuja wakati wenzake wanalia, anamwiga marehemu, mwendo wake, kikohozi chake, ubahili wake. Anajilaza mbele ya jeneza akidai haki yake kwanza. Anaiba sufuria jikoni. Wafiwa wanajikuta wanacheka na machozi bado mashavuni, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Atakayekasirika ndiye atakayeonekana hana adabu.

"Watu wanadhani ni upuuzi," anasema Praxeda. "Mimi nimeona mjane aliyekataa kula siku mbili. Nikavaa kofia ya mumewe, nikamuuliza chumvi iko wapi kama mumewe alivyokuwa akiuliza kila siku ya Mungu. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaomba uji."

Kwa hiyo familia zilianza kumwita. Pesa za msiba hakupokea hata siku moja. Alikula pilau, akibahatika alinyakua kuku kwa haki ya utani, basi. Alikuwa anauliza maswali mawili matatu kuhusu marehemu, na kama nguo zake ziliwahi kupita kwa Bi Sabiha hakuuliza hata hayo.

Mpaka Agosti mwaka jana.

Alifariki mzee mmoja Makorora, fundi cherehani, Mbondei, ambaye Praxeda hakuwa akimjua. Uweso ndiye aliyempigia simu kumpa maelezo. Mzee alichechemea mguu wa kushoto, alihesabu sukari ya kila mgeni, na kila mtu kwake alikuwa "kijana," hata bibi wa miaka themanini. "Utaona turubai la bluu," Uweso akamalizia.

Siku hiyo kazi ilikuwa nyingi kwa dobi. Praxeda akachelewa, akafika akihema, akaona turubai la bluu, wanaume wamekaa, jeneza linatolewa. Hakuuliza mtu. Aliokota fimbo, akachechemea mpaka katikati, akapaza sauti ya kizee: "Nani katia sukari vijiko viwili? Kijana! Rudisha kijiko kimoja!" Halafu akajitupa chini mbele ya jeneza.

Hakuna aliyecheka.

"Unajua watu wasipocheka kwa sababu hujachekesha, nimezoea hiyo," anasema, na pasi yake imesimama juu ya kola kwa muda ambao Bi Sabiha anaanza kuitazama kwa wasiwasi. "Hii haikuwa hiyo. Nikainua macho nikaona kila mtu ananitazama kama wananiuliza, mama, tumekufanyia nini?"

Mtaa huo ulikuwa na misiba miwili, na maturubai yote mawili yalikodiwa kwa mtu mmoja, yote ya bluu. Jeneza lililokuwa mbele yake lilikuwa la mwalimu wa miaka thelathini na mmoja, binti pekee wa wazazi waliohamia Tanga miaka miwili tu nyuma. Utani wa misiba hawakuwa nao huko walikotoka. Hawakujua hata kama kitu hicho kipo duniani.

Baba wa marehemu ndiye aliyeinama, akamshika mkono, akamwinua. Akamwambia taratibu, "Mama, umekosea mlango."

"Bora angenipiga," anasema Praxeda. "Wallahi," anaongeza, neno alilolizoea kutoka kwa jirani zake, "bora angenipiga."

Alikimbilia nyumbani akajifungia. Msiba wa fundi cherehani, kona ya pili, ukaisha bila mtani.

Baada ya wiki sita alikwenda kuomba radhi. Mama wa yule mwalimu alimkaribisha, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, maelezo yote ya utani na maturubai. Kisha akauliza jambo moja ambalo Praxeda hakulitegemea: "Na yule mzee wako, alitaniwa na nani?" Praxeda akasema hakutaniwa. Mama akatikisa kichwa. "Basi umewakosea wawili."

Jumanne iliyofuata alisimama mazoezini, akapewa neno, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Jumanne nyingine vivyo hivyo. Hakuacha kikundi, ila alianza kushika kawa. Anapita kwa watazamaji, anakusanya vikaratasi, anachota viwili, anavisoma, anakaa pembeni. Miezi kumi na mmoja.

Mialiko imepungua. Zamani kikundi kilipata kazi tano, sita kwa mwezi, harusi, mahafali, mikutano ya afya. Mwezi uliopita walipata mbili. "Sisi tunachekesha," anasema Nasri, akishusha sauti kwa mara ya kwanza tangu mahojiano yaanze, "lakini watu wanatoka pale wanauliza, yule dada wa kawa mbona hasemi? Anatazamwa yeye, si sisi."

Na sasa Uweso ni mgonjwa. Ni moyo. Daktari amesema kuna mlango mmoja ndani yake haufungi sawasawa, na ni lazima afanyiwe upasuaji Dar es Salaam. Siku imeshapangwa, Jumanne. Atasafiri Jumapili asubuhi.

Praxeda alijua kabla hajaambiwa. Amepiga pasi mashati ya Uweso tangu wajuane, na tangu Ramadhani aliona kola zimeacha kulika. "Shati la mtu mzima linasuguana na shingo. Lake lilikuwa linaning'inia tu. Nikasema moyoni, huyu mtu anaisha. Sikumwambia."

Wiki iliyopita Uweso alikuja dukani mwenyewe, akakaa kwenye benchi, akasema neno lililomfanya Praxeda aweke pasi chini. Alisema: "Mtani, nataka kusikia utani wangu kabla sijaenda. Nikienda moja kwa moja, nitajuaje kama uliufanya vizuri?"

"Nikamwambia siwezi. Hata kuku siwezi kumwiga," Praxeda anakumbuka. "Akaniambia, basi utanizika kimya kimya kama yule fundi? Hakunionea huruma kabisa, Mbondei yule."

Hivyo ndivyo mwandishi wa makala haya alivyojikuta Chumbageni, Jumamosi saa tatu asubuhi, uani kwa Uweso Singano. Wanakikundi wote walikuwepo. Mkeka ulitandikwa kati ya kamba ya nguo na banda la kuku. Uweso, shati jeupe lililonyooshwa jana yake, alisimama kando ya mkeka akitoa maagizo kama anayepakia meli.

Mkewe, Bi Samiha, hakutaka kusikia. "Mtu hajifanyi maiti kwa mchezo! Na safari kesho! Huu uchuro mimi siutaki nyumbani kwangu."

"Si uchuro, mke wangu. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya kufa? Lahaula! Hayo mazoezi unafuzu ukiwa umefanya nini?" Akaingia jikoni, akabamiza mlango. Dirisha la jikoni, hata hivyo, aliliacha wazi.

Uweso akajilaza, akanyoosha miguu, akajifunika kanga mpaka kidevuni. "Nimekufa," akatangaza, akafumba macho.

Pokea. Mwenzio akisema amekufa, amekufa. Wote wakamgeukia Praxeda.

Alisimama pale mikono imening'inia. Kuku mmoja akatoka bandani, akakanyaga mkeka, akaondoka. Hasina alikuwa anatazama ardhi. Nasri alifungua mdomo, labda kutaka kuokoa jahazi, Hasina akamfinya. Mwandishi alijuta kuja. Alijiona kama mtu anayechungulia kidonda cha mwenzake.

Praxeda akapiga magoti. Akaingiza vidole kwenye kola ya shati la Uweso. Vikaingia vidole viwili, halafu cha tatu. Akavitazama.

Kisha akahamia miguuni. Akaushika mguu wa kushoto wa "marehemu," akauinua kidogo, akaushusha, akauinua tena. Bega lake la kulia likapanda. Kidevu kikaingia ndani. Jicho moja likajifinya kwa mashaka.

"Mzigo huu," akasema, na sauti haikuwa yake hata kidogo, ilikuwa ya mzee aliyepigizana kelele na makuli miaka thelathini na mmoja, "mzigo huu umetoka wapi? Mbona hauna karatasi?"

Kutoka dirishani ikasikika pumzi ikivutwa. Mtu pekee aliyekuwa pale kumpima Uweso maiti alikuwa Uweso mwingine, mzima, na mkali kweli kweli.

"Bandari yangu haipokei mzigo usio na karatasi. Kimeandikwa nini hapa? Mbondei mmoja, kavu." Akauzunguka mkeka kwa mwendo ule wa Uweso wa kukanyaga kisigino kwanza. "Ndani mna nini? Machungwa ya Muheza? Fungua! Mnataka kunivusha machungwa mimi, mkiyaita mtu!" Nasri alishaanza kulia kwa kicheko, ngumi mdomoni. "Na harufu hii? Hii mnaita mafuta ya nazi au mnaita msiba?"

"Kikohozi!" sauti ikatoka jikoni. "Umesahau kikohozi chake, kabla hajataja kilo!"

"Ahsante, afisa wa forodha," Uweso aliyesimama akajibu bila kugeuka. Akakohoa mara mbili na kusafisha koo, kikohozi kikavu cha mtu anayetaka kusikilizwa. Bi Samiha alisikika akicheka, halafu akisema astaghfirullah, halafu akicheka tena.

Praxeda akauinua mguu kwa mara ya mwisho, akafumba macho kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Kilo arobaini na moja," akatangaza. "Pamoja na maneno."

"Hapana!"

Maiti alikuwa ameketi. Kanga imemwangukia mapajani, kidole kiko hewani, macho yamemtoka. "Hapana! Arobaini na moja ya nani? Sitini na mbili! Nimepimwa hospitali juzi, sitini na mbili kamili!"

Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo. "Sitini na mbili na viatu!" Bi Samiha akapiga kelele, machozi yanamtiririka, mwiko mkononi.

Uani pakachafuka. Hasina alikaa chini kabisa, Nasri alilala kifudifudi akipiga ardhi, kuku walikimbia. Praxeda alikuwa amepiga magoti pale pale miguuni kwa Uweso, anacheka na kulia vyote pamoja, na alipoweza kusema alisema kwa sauti yake mwenyewe: "Maiti kasema hapana. Mmesikia? Maiti kasema hapana!"

"Adhabu!" wote wakaitikia. "Mihogo!"

Uweso alikiri kosa. Hakuwa na pa kutorokea. Akapangusa uso, akapapasa mfuko wa shati, akatoa noti. "Haki yenu. Nasri, nenda pale mbele kachukue mihogo ya wote sasa hivi, tule pamoja kabla sijasafiri."

"Hapana," akasema Praxeda.

Kicheko kikakatika. Miaka yote hiyo, hakuna mtu aliyewahi kumsikia akilitamka. Hata yeye mwenyewe alionekana kushtuka, akaziba mdomo, halafu akautoa mkono.

"Hapana," akarudia. "Sheria ni mkono wako mwenyewe. Siku ya mazoezi, Jumanne, saa kumi, pale chekechea. Leo Jumamosi. Siipokei."

"Mtani." Uweso alisema polepole. "Jumanne mimi niko Dar, juu ya meza ya daktari."

"Jumanne zipo nyingi."

Bi Samiha alikuwa ameshusha mwiko. Uweso akaitazama ile noti mkononi, akairudisha mfukoni, akakohoa kikohozi chake kikavu.

"Na wewe umesema hapana," akasema. "Mara mbili."

"Nimesema. Tutabeba mihogo wote wawili. Mimi sibebi peke yangu."

Uweso akaunyoosha mkono ainuliwe. Praxeda alipomwinua, alimsikia akimnong'oneza, na baadaye alimweleza mwandishi alichoambiwa: "Ulipokosea mlango, mimi ndiye niliyekuelekeza turubai. Nilikuwa nasubiri useme kosa ni langu nusu. Hukusema."

"Sikuwahi kulifikiria hilo," anasema Praxeda. "Miezi kumi na moja nilikuwa nimelibeba lote mimi."

Mipango yake sasa ni mitatu. Agosti, familia ya fundi cherehani inasoma hitima ya mwaka mmoja, naye ameshakwenda kuomba nafasi ya kumtania mzee wao, kwa kuchelewa lakini kwa haki. Wamekubali, kwa sharti kwamba sukari ajiletee mwenyewe. Na kwa mama wa yule mwalimu anakwenda kila mwezi, kunywa chai tu. Huko haigi mtu.

Mpango wa tatu hakuusema. Mwandishi aliuona mwenyewe, Jumatatu asubuhi, alipopita Ngamiani kuaga.

Uweso alikuwa ameshafika Dar. Shati lake jeupe, lile alilolalia mkekani, lilikuwa limefuliwa na kunyooshwa, limetundikwa msumarini juu ya kichwa cha Praxeda. Dukani kwa Bi Sabiha kila nguo hubandikwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe na siku ya kuchukua. Hiki kilikuwa na jina la Uweso, na chini yake neno moja: Jumanne.

"Jumanne ipi?" Bi Sabiha akauliza akiwa na daftari mkononi. "Niandike tarehe gani?"

"Ya mihogo," akajibu Praxeda, akapuliza mkaa, akavuta shuka la mteja mwingine mezani.